Shajara ya Mradi: Kuunda Mfano wa Junkers F 13 kwa Makopo ya Soda

Januari 11

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo kwa miezi mingi nimekuwa nikiizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nitaunda mfano wa ndege ya abiria ya Kijerumani iitwayo Junkers F 13, kwa kipimo cha 1:24, na ngozi yake yote itakuwa ya bati halisi lenye migongo, si plastiki wala karatasi iliyopakwa rangi ya fedha. Mabawa ya ndege yenyewe, kwa aina zilizotengenezwa baadaye zikiwa na injini ya Junkers L 5, yalikuwa na urefu wa mita 17.75 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo changu hizo ni sentimita 74, na tayari mwenye meza ya sebuleni ameniarifu kwamba meza yake haimo katika mradi huu.

Sababu ya kuichagua ndege hii nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili nisije nikaisahau kazi itakapokuwa ngumu. Mwaka 1919, Ulaya ilipoanza kusafirisha watu kwa ndege, karibu kila kampuni iliokota ilichokikuta kwenye mabaki ya vita. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, kampuni ya Kiingereza ya Aircraft Transport and Travel ilianzisha safari za kila siku kati ya London na Paris, na miongoni mwa ndege zake ilikuwamo DH.4A, ndege ya kudondosha mabomu iliyoondolewa mabomu yake na kuwekewa viti viwili vilivyotazamana. Wafaransa nao walikuwa na Farman Goliath, ndege kubwa iliyobeba abiria kumi na wawili hivi, lakini nayo ilikuwa imesanifiwa kwa kazi hiyohiyo ya mabomu. Zote zilikuwa za mbao, kitambaa na nyaya. Junkers F 13 iliruka kwa mara ya kwanza mjini Dessau tarehe 25 Juni 1919, siku tatu kabla Ujerumani haijatia saini Mkataba wa Versailles, nayo ilikuwa ya chuma mwili mzima, yenye bawa moja la chini lisiloshikiliwa na waya hata mmoja, na ilisanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya abiria. Mchoraji wake alikuwa mhandisi Otto Reuter, na mwenye kiwanda alikuwa Profesa Hugo Junkers.

Januari 19

Wiki nzima imekwisha kwenye bati. Nilianza na debe la mafuta ya kupikia, nikidhani kwamba bati ni bati, lakini lile la debe ni nene mno kwa kipimo hiki: ukilibonyeza linarudi lilikotoka, na ukilishurutisha linapasuka kwenye pindo. Nikahamia kwenye makopo ya soda. Nimeyakata kwa mkasi, nikayaosha, nikayapasha moto kidogo juu ya jiko la mkaa ili yalegee, kisha nikatengeneza kibanio cha mbao mbili ambazo juu ya kila moja nimegundisha spoki za baiskeli zilizopangwa sambamba, za juu zikiingia katikati ya zile za chini. Ukiweka bati katikati na kukaza jiliwa, linatoka na migongo iliyonyooka kama lile la dukani.

Jambo ambalo kila mwezekaji wa paa analijua nami nililisahau ni kwamba bati likishatiwa migongo hupungua upana. Karatasi tatu za kwanza zilitoka fupi, nikalazimika kupiga hesabu upya kabla ya kukata nyingine.

Nikiwa napasha makopo moto nilikuwa nikimfikiria Profesa Junkers, ambaye hakuingia kwenye ndege kupitia mbao. Kabla ya ndege alikuwa akitengeneza mitambo ya gesi ya kupasha maji ya kuogea, na karakana yake ilikuwa imejaa watu waliojua kukata, kupinda na kuunga bati jembamba. Ndege yake ya kwanza, J 1 ya mwaka 1915, ilikuwa ya bati la chuma tupu, nzito na goigoi, hata Wajerumani wakaibatiza jina la Blechesel, yaani Punda wa Bati. Iliruka, lakini uzito uliielemea. Kilichomwokoa Junkers ni duralumini, aina ya aluminiamu iliyochanganywa na shaba nyekundu kidogo pamoja na magnesi na manganizi, ambayo ina tabia ya ajabu: ukiipasha moto na kuipoza ghafla inakuwa laini, kisha ikiachwa tu mezani kwa siku chache inajikaza yenyewe. Mgunduzi wake ni Alfred Wilm, Mjerumani pia. Makopo yangu hayana adabu hiyo. Yakishalegea hubaki yamelegea.

Februari 3

Leo sikugusa bati. Tarehe hii Hugo Junkers alizaliwa, mwaka 1859, na tarehe hiihii alifariki, mwaka 1935, siku aliyotimiza miaka 76, akiwa amekwisha kunyang'anywa kampuni na hataza zake na serikali ya Wanazi. Nimeitumia siku kusoma na kupanga karatasi zangu kuhusu kampuni zilizorusha F 13, kwa sababu nisipojua mfano wangu ni wa kampuni ipi, sitajua niupake rangi gani wala niuwekee magurudumu au nini.

Kilichonishangaza ni jinsi mtu huyu alivyouza ndege wakati ambapo hapakuwa na wanunuzi. Wajerumani walipigwa marufuku kutengeneza ndege mwaka 1921, marufuku ikalegezwa mwaka 1922 kwa masharti, na hata baada ya hapo kampuni za usafiri wa anga zilikuwa changa na hazina fedha. Junkers aliwaendea watu wenye nia ya kuanzisha kampuni katika nchi zao akawaambia, kwa maneno yangu, kwamba wao walete ruhusa na uwanja, yeye ataleta ndege, na thamani ya ndege hizo ihesabiwe kuwa hisa zake. Kwa njia hiyo F 13 iliingia Austria, ambako kampuni ya ÖLAG ilianza safari za Vienna na Munich mwaka 1923. Ikaingia Finland na Sweden mwaka 1924. Ikaenda hadi Uajemi. Nchini Colombia kampuni ya SCADTA iliifunga maboya badala ya magurudumu na kuirusha kufuata Mto Magdalena, kazi ambayo meli za mtoni ziliifanya kwa siku nyingi. Nyumbani Ujerumani, kampuni ya Junkers ya usafiri iliunganishwa na mshindani wake, Deutscher Aero Lloyd, tarehe 6 Januari 1926, na muungano huo ukaitwa Deutsche Luft Hansa. Haikuwa ndoa ya mapenzi, kwani serikali, iliyokuwa ikizilipia ruzuku kampuni zote mbili, ilichoka kulisha vinywa viwili. Uingereza ilikuwa imefanya jambo linalofanana na hilo miaka miwili kabla, ilipozikusanya kampuni nne na kuzifanya Imperial Airways, ikiziahidi pauni milioni moja ndani ya miaka kumi.

Ninavyoona mimi, F 13 ilisambaa kwa sababu ya bati lake kuliko mwendo wake. Ndege ya mbao na kitambaa inataka banda, kwa kuwa mvua huvimbisha mbao, gundi huachia, na kitambaa hulegea kikilowa na kukakamaa kikikauka. Kampuni changa iliyopewa ndege mbili na kiwanja chenye nyasi haina fedha za kujenga banda. F 13 ingeweza kulala nje kwenye theluji ya Helsinki au mvua ya Magdalena, asubuhi ikapanguswa na kuruka.

Februari 9

Fremu za mwili zimekamilika, kumi na moja, za mbao tabaka ya milimita tatu. Gundi imekwisha. Hakuna la kusimulia.

Februari 16

Bawa la kushoto limevunjika, na nimejifunza zaidi kutokana na kuvunjika kwake kuliko kutokana na vitabu vyote nilivyosoma.

Nililiunda bawa kwa mbavu za mbao tabaka zinazokaa kutoka mbele kwenda nyuma, nikazivika bati, nikaziunganisha kwa kijiti kimoja chembamba katikati, nikiamini kwamba ngozi ya bati itabeba iliyobaki. Hoja yangu ilionekana nzuri: bati lenye migongo ni gumu kuliko bati la sahani, na Junkers alitia migongo ili ngozi iwe ngumu. Nikalishika bawa kwenye shina lake, nikaweka pakiti ya chumvi kwenye ncha, na bawa zima likainama taratibu, likajikunja kama mkeka wa matete unaoviringishwa baada ya maulidi.

Jirani yangu ni fundi wa kuezeka, mtu mzima anayejua mabati ya mji huu wa Mwanza nyumba kwa nyumba. Alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akalichukua lile bawa, akaligeuza mara mbili, akasema, "Mwalimu, umeezeka bila kenchi wala papi. Bati halijibebi."

"Lakini, Fundi, lina migongo," nikamjibu.

"Migongo inakwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoona. Migongo ya bati la bawa la F 13 inakwenda kutoka mbele ya bawa hadi nyuma, kufuata mkondo wa hewa, kama vile migongo ya bati la paa inavyokwenda kutoka kileleni hadi kwenye mfereji ili maji yateremke. Bati la namna hiyo ni gumu sana ukitaka kulikunja kwa kukata migongo yake, ila ukitaka kulikunja kwa kufuata migongo halina upinzani wowote. Mzigo wa bawa la ndege, ambalo hewa inalisukuma juu kutoka shina hadi ncha, unalikunja kwa upande uleule wa udhaifu. Ndiyo maana ndani ya bawa la F 13 kulikuwa na mabomba tisa ya duralumini yaliyolala kutoka mwilini hadi nchani, mengine karibu na ngozi ya juu na mengine karibu na ya chini, yakiunganishwa kwa vipande vya mshazari kama kenchi. Mabomba hayo yanaikata migongo kwa pembe mraba, kama papi zinavyoikata migongo ya paa. Kazi ya kubeba mkunjo ni ya mabomba. Kazi ya bati ni kuzuia bawa lisijisokote, na kusukumwa na hewa bila kubonyea katikati ya mabomba. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kuhusu hayo mabomba tisa, nikayaona mengi mno, hata nikajiambia kwamba Wajerumani wanapenda kuzidisha.

Fundi hakutaka chai. Alisema atarudi siku nitakapofika kwenye kofia ya paa.

Machi 2

Mabomba nimeyapata kwenye antena za redio mbovu. Antena ya kuvuta ina faida ambayo sikuitegemea, kwani kila kipande ni chembamba kuliko kilichotangulia, na bawa lenyewe linapungua unene kuelekea nchani, hivyo bomba moja lililovutwa linalingana na umbo la bawa bila kukatwa. Fundi redio wa sokoni alinipa mkebe mzima akinitazama kwa huruma. Yamekaa tisa kila upande, nikayaunga kwa vipande vya waya vilivyolehemewa kwa mshazari. Pakiti ya chumvi haikulitikisa bawa jipya, nikaongeza ya pili, kisha tofali nusu.

Kupinda bati juu ya mbavu ndiyo adha iliyobaki. Umbo la bawa linataka migongo ipindike kwa urefu wake, jambo ambalo mgongo wa bati hulikataa kabisa. Nililitatua kwa kulipitisha bati kidogokidogo kati ya kibanio na gongo la mviringo, nikirudia mara thelathini au arobaini, na kwenye ukingo wa mbele nimeweka kipande cha peke yake.

Mjukuu wangu ameuliza swali la haki: kama migongo ni mizuri hivyo, mbona ndege za leo ni laini? Nimemweleza kwamba hewa haifuati migongo kwa utii. Ndege ikiinua pua au ikipigwa na upepo wa ubavuni, hewa huivuka migongo kwa mshazari, na kila mgongo unakuwa kizuizi kidogo. Tena ngozi yenye migongo ina eneo kubwa la kusuguana na hewa kuliko ngozi laini. Kwa mwendo wa F 13 gharama hiyo ilivumilika. Kiwanda cha Junkers kiliing'ang'ania migongo hadi kwenye Ju 52 yenye injini tatu ya mwaka 1932, lakini mwaka 1934 kampuni ya Kiholanzi ya KLM ilinunua Douglas DC-2 ya Kimarekani, yenye ngozi laini na magurudumu yanayokunjwa, na moja yao, iliyoitwa Uiver, ikashika nafasi ya pili katika mashindano ya kutoka London hadi Melbourne ikiwa imebeba abiria na barua. Baada ya hapo bati la migongo lilirudi kwenye paa zetu.

Machi 15

Chumba cha abiria. Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote, na nimeifanya polepole makusudi. Abiria walikuwa wanne, katika chumba kilichofungwa, chenye viti vya kitambaa, madirisha, kipasha joto na mikanda ya kujifunga. Nimeshona mito ya viti kwa kipande cha suruali kuukuu ya hudhurungi, na mikanda nimeikata kutoka kwenye utepe wa kaseti uliokunjwa mara mbili. Wakati huohuo abiria wa DH.4A walikuwa wamekaa wawili wawili kwenye kijisanduku ambacho hawangeweza hata kunyoosha magoti.

Marubani wawili, hata hivyo, walikaa mbele mahali palipo wazi, upepo na mvua vikiwapiga usoni. Mjukuu alipoiona nafasi yao akauliza, "Babu, mbona dereva amekaa nje na wageni wako ndani?" Marubani wa zama zile waliamini kwamba anayerusha ndege lazima ausikie upepo shavuni, vinginevyo hatajua kama ndege inateleza upande. Huenda ilikuwa kweli kwa ndege zao, ambazo vyombo vyake vya kupimia vilikuwa vichache. Mimi naona pia kwamba ilikuwa mazoea ya mwendesha gari la farasi, ambaye daima aliloa ili bwana asiloe.

Septemba 13 ya mwaka 1919, F 13 iliyoitwa Annelise ilipanda hadi mita 6,750 ikiwa na watu wanane ndani. Nimejaribu kuwapanga vikaragosi wanane kwenye chumba changu. Wamekaa, lakini mmoja amekalia mapaja ya mwenzake.

Machi 29

Nimeamua: mfano utakuwa wa Aero O/Y, kampuni ya Finland iliyoanzishwa na Bruno Lucander mwaka 1923, ambayo leo inajulikana kama Finnair. Safari yake ya kwanza, tarehe 20 Machi 1924, ilikuwa ya F 13 kutoka Helsinki kwenda Tallinn, kuvuka ghuba, ikiwa imebeba kilo 162 za barua. Helsinki ya miaka ile haikuwa na kiwanja cha ndege cha kufaa, hivyo kampuni ilitumia maji wakati wa kiangazi, na bahari ilipoganda ikazifunga ndege skii, yaani mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, na kutua juu ya barafu. Ndege ileile, bati lilelile, miguu mitatu tofauti: magurudumu, maboya au skii.

Nakiri kwamba uamuzi huu una upendeleo wa mtu anayeishi kando ya ziwa. Imperial Airways ilipoanza safari zake za Afrika, tarehe 28 Februari 1931, mwisho wa njia ulikuwa hapa Mwanza, na kipande cha mwisho cha kutoka Khartoum kilifanywa kwa ndege ya majini aina ya Short Calcutta. Miaka minne hivi kabla ya hapo Mswisi Walter Mittelholzer alikuwa amepita katika maziwa yetu akienda Cape Town kwa Dornier Merkur, ndege ya abiria ya Kijerumani iliyofungwa maboya. F 13 yangu, basi, haitakuwa mgeni wa kwanza wa namna yake kwenye maji haya.

Maboya nimeyachonga kwa mbao ya mninga? Hapana, ni mzito. Nimetumia mti mwepesi wa masanduku ya matunda, nikauchimba ndani, nikauvika bati laini lililolehemewa kwenye pindo.

Aprili 12

Fundi amerudi kama alivyoahidi. Amekagua mgongo wa ndege, pale mabati ya pande mbili yanapokutana juu, akanionyesha sehemu mbili ambazo nimelaza bati la nyuma juu ya la mbele, kinyume cha hewa inavyokuja. "Huko juu mvua inatoka mbele," alisema, "itaingia hapa." Nimezibandua zote mbili na kuzilaza upya, la mbele likiwa juu, na ribiti za uongo, ambazo ni ncha za pini, nimezipiga tena moja moja.

Jioni tumeipima ndege nzima kwenye mizani ya duka: gramu 1,140 pamoja na maboya. Tukaiweka ndege kwenye beseni la kufulia. Ilikaa vizuri, pua ikiwa imeinuka kidogo, kwa muda wa kama dakika sita, kisha ikaanza kulalia kushoto. Boya la kushoto linaingiza maji kwenye pindo la chini, karibu na kisigino. Nimelifungua, nimeliinamisha juu ya jiko likauke, na kesho nitalilehemu upya kabla ya kuipeleka ziwani.